Salongo na nguvu ya moyo: kila mutu na kipimo chake



Tumerudi Fizi toka Nyarugusu, tumeshika jembe tena. Lakini wengi wetu, kule kambini hatukulima kila siku. Moyo ni nyama kama mukono: usipotumika, unaregea.

Munajua, kisha miaka 30 uwezo wa mwili kutumia oksijeni wakati wa kazi nzito unaanza kupungua, karibu sehemu 1 kwa 10 kila miaka 10, kwa mutu asiyefanya mazoezi. Mapigo ya juu kabisa tunakadiria hivi: 220, toa miaka yako. Kijana wa miaka 25 anafika 195, muzee wa 60 ni 160. Kwa hiyo mapigo 130 kwa kijana ni kazi ya kati, kwa muzee ni kazi nzito. Shamba ni moja, lakini uzito si mmoja.

Na bamama? Kwa wastani moyo wao ni mudogo kuliko wa wanaume. Lakini mama wa miaka 50 anayepanda mulima na mihogo kila siku anaweza kumushinda kijana wa kukaa kwenye kiti.

Basi tusigawe mistari ya salongo kwa umri wala kwa jinsia peke yake. Tupime pumzi: anayeshindwa kumaliza sentensi apumzike, bila kuchekwa. Aliyekaa sana aanze na nusu mustari, aongeze kila juma. Kifua kikiuma, acha jembe, nenda kituo cha afya mara moja.

Tulirudi tuishi, wandugu.