Lupango Isiyoita Nyoka

Mbele ya kupima watoto, tukae kidogo, tuseme juu ya nyoka.

Ninawauliza: nani kati yenu hajaona nyoka hata siku moja karibu na nyumba yake? Mikono haiinuki. Basi maneno haya ni yetu sote.

Mutoto akiumwa, wengi wanasema, "Nyoka ile ilitumwa na mutu." Kisha wanatafuta adui, na saa zinapita. Wamama, nyoka iko na njaa kama nyama yote. Inatafuta chakula na pahali pa kujificha. Chakula yake ni panya, chura, mayai na vifaranga. Ukiacha mahindi na muhogo chini, panya watakuja. Panya wakija, nyoka itawafuata. Hakuna mutu aliyeituma. Ni lupango yetu iliyoiita.

Sasa tutengeneze lupango. Kazi hii haiombi franka nyingi.

1. Kata majani yote karibu na nyumba, pande zote ine, upana wa hatua tatu ao zaidi. Fagia kila siku. Pahali peupe, nyoka inaonekana upesi.

2. Kuni, matofali na mabati ya zamani, usiviegemeze kwa ukuta. Viweke mbali, kuni juu ya miti, zisiguse udongo. Mbele ya kukamata kuni, gonga kwanza na fimbo.

3. Weka mahindi, karanga na unga katika pipa ao mutungi wenye kifuniko. Takataka, tupa katika shimo mbali na nyumba.

4. Kuku wasilale katika chumba cha watoto. Wajengee kibanda juu ya miti, na mulango wa kufunga vizuri magaribi.

5. Ziba matundu ya ukuta kwa udongo. Nafasi chini ya mulango, weka gunia lenye muchanga kila usiku.

6. Mutoto asilale chini kama kuna njia ingine. Iko nyoka ya kutema mate, nyeusi, inayoingia nyumbani usiku kufuata panya, na inauma mutu mwenye kulala kwenye mukeka. Kitanda cha miti kinasaidia. Chandarua ya mbu inasaidia pia: ingiza pembe zake zote chini ya mukeka, kusibaki nafasi. Ile chandarua ya kliniki si ya kufunika mboga. Ni ya wewe na mutoto.

7. Usiku, mukienda choo, chukueni taa na fimbo, vaeni viatu. Nyoka munene na mufupi, ile wengine wanaiita pili, haikimbii mutu akikaribia. Inalala kimya katika njia, na rangi yake ni kama majani makavu. Ukiikanyaga, itauma.

Na watoto wetu wa kiume wanapenda kuchimba panya ya pori. Waambieni: musiingize mukono katika shimo. Hata nyoka iliyokufa wasiishike, kichwa chake kinaweza kuuma bado.

Lakini kama nyoka imekwisha kuuma, tutafanya nini?

Hapa sherti niseme ukweli. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, tulikuwa na jiwe nyeusi katika sanduku ya dawa, na mimi niliamini. Siku moja mama alileta mutoto, siku ya pili kisha kuumwa. Walimufunga kamba ya nguvu kwenye mukono, wakamukata na wembe, wakaweka jiwe, wakangoja lianguke lenyewe. Lilianguka. Mutoto alipona, lakini mukono ulikuwa umekufa, wakaukata. Mama yule alifanya yote aliyofundishwa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliofundisha.

Jiwe lile mara nyingi ni mufupa wa ng'ombe uliochomwa. Linashika kwenye damu kwa sababu ni kavu. Sumu halitoi, kwa maana sumu imekwisha kuingia ndani ya mwili. Mutauliza, "Mbona wengine wanapona?" Wanapona kwa sababu nyoka nyingi hazina sumu. Hata yenye sumu, mara zingine inauma bila kuitia. Mutu yule angepona hata bila jiwe.

Basi fanyeni hivi:

Ondoeni mugonjwa karibu na nyoka, mumutulize moyo. Toeni bangili, pete na ushanga mbele mwili haujavimba. Fungeni muguu ao mukono kwenye ubao kwa kitambaa, kama mutu aliyevunjika, bila kukaza. Asitembee, asikimbie: abebwe kwa kipoyi, kinga ao pikipiki. Kama anatapika, alale kwa upande. Musikate, musinyonye damu, musifunge kamba, musimupe pombe. Musipoteze saa kufukuza nyoka. Kumbukeni tu saa aliyoumwa na namna nyoka ilivyokuwa.

Kama nyoka imetema mate machoni, osha na maji safi mengi, muda wa robo saa. Asisugue macho. Usitie majani. Kisha njoo hospitali.

Hata kama maumivu ni kidogo, njooni. Kope zikianza kuanguka, mate yakishindwa kumezwa, ufizi ukitoa damu, ni hatari kubwa. Hapa tutatia damu kidogo katika chupa kavu ya kioo na kungoja dakika 20. Damu isipogandamana, tunajua sumu inafanya kazi. Iko dawa ya kupinga sumu, lakini si kila dispensari iko nayo. Kwa hiyo usingoje siku ya taabu. Leo, mbele ya kurudi, uliza muuguzi wako: "Dawa ya nyoka iko wapi, na njia gani ni ya upesi?" Uambie bwana yako jibu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitia kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yanayosahauliwa. Linakadiri kwamba watu 81,000 mpaka 138,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa sababu hii. Wengi ni watu wa vijiji, walimaji na watoto, watu kama sisi.

Mungu alitupa akili ili tulinde wale aliotupa. Kuomba ni vizuri. Mama anayeomba, kisha anafagia nyuma ya nyumba yake, ameomba kwa mikono pia.

Mukifika nyumbani leo, zungukeni nyumba mara moja na fimbo mukononi. Angalieni kuni, matundu, majani. Muanze na jambo moja. Kesho, la pili.

Sasa leteni watoto kwenye kilo.