Chokaa na Udongo Wetu wa Lopur

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka)



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali kwamba kwa nini chama kisitoe fedha za mfuko kununua chokaa kwa ajili ya mashamba ya mtama ya akina mama kando ya Tarach. Waliouliza walikuwa wamesikia kwamba chokaa imefufua mashamba ya mahindi kule nyanda za juu, nao walisema kweli. Leo twapenda kulijibu swali hilo, kwa maana fedha hizo ni jasho letu sote, na mtama huo ni chakula cha watoto wetu.

Kwanza yatupasa kujua chokaa hutibu ugonjwa gani. Katika miteremko ya Mlima Kenya, Nyandarua na Kericho, udongo mwingi umetokana na majivu na mawe ya volkano. Kericho hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Maji hayo, kwa maelfu ya miaka, yameiosha chokaa ya asili na kuipeleka chini, ukabaki udongo mchachu. Wataalamu huupima uchachu kwa kipimo cha pH, ambacho katikati yake ni 7. Kipimo kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kuidumaza mizizi. Nayo fosforasi, ambayo mmea huihitaji ili utie mizizi na punje, hushikwa na alumini na chuma hata mmea usiipate. Chai huipenda hali hiyo. Mahindi na maharagwe hayaiwezi. Hapo ndipo chokaa huwa dawa, ikisaidiwa na samadi.

Sasa na tutazame kwetu. Milima ya Mogila na Pelekech nayo ni ya volkano. Mawe yake ni ndugu wa yale ya huko. Lakini Lodwar hupata milimita 200 hivi tu kwa mwaka, na jua huyanywa maji kabla hayajazama. Kwa hiyo chokaa ya asili haikuoshwa, bali imo ardhini hata leo, na mahali pengi imo pamoja na chumvi na magadi. Ule ukoko mweupe uonekanao bustanini baada ya kumwagilia si dalili ya uchachu hata kidogo. Mwenye shaka na achukue ukufi wa udongo mkavu, autie siki: ukitoa povu, chokaa imo tayari. Kununua nyingine ni kuzitupa fedha. Majivu ya jikoni nayo hufanya kazi ile ile ya chokaa, na twawaomba wale wanaoyamwaga mashambani waache.

Udongo wetu umepungukiwa na mboji, na mboji tunayo zizini. Mwaka 1995 wataalamu Reid na Ellis walichapa uchunguzi wao wa kusini mwa Turkana, wakaonyesha kwamba migunga, yaani ewoi, huota kwa wingi katika mazizi yaliyohamwa, kwa kuwa mbuzi hula maganda yake na kuziacha mbegu ndani ya samadi. Wazee hawakungoja kitabu ili kulijua hilo. Kila mmoja aweza kutuonyesha mahali palipokuwa na awi zamani. Lakini samadi mbichi huunguza miche. Na irundikwe kivulini, inyunyiziwe maji na kugeuzwa mpaka ipoe na kunukia udongo, ndipo itiwe katika mashimo ya kupandia kabla ya mvua.

Panapo magadi mengi, hata ardhi ikawa ngumu na maji yakatuama, samadi peke yake haitatosha. Hapo hufaa jasi, ambayo huyaondoa magadi katika chembe za udongo. Lakini pasipo mfereji wa kuyatoa maji, magadi yatabaki pale pale.

Kwa sababu hizo kamati inaomba fedha za mfuko zisiguswe kwa ajili ya chokaa. Inaomba kiasi kidogo tu cha kupeleka udongo ukapimwe katika maabara ya Kabete. Kila kikundi kitachimba mahali kumi na tano shambani, kina cha sentimita 20, kichanganye udongo huo katika ndoo safi, na kumletea karani kilo moja katika mfuko ulioandikwa jina la shamba. Twaomba mifuko hiyo itufikie kabla ya Tarach kujaa.