Ugonjwa wa Lyme: Bakteria Anayebadili Umbo

Ugonjwa wa Lyme ulipata jina lake kutoka mji mdogo wa jimbo la Connecticut, Marekani. Huenezwa na kupe, na umeenea Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Mwaka 1981 mwanasayansi Willy Burgdorfer alimgundua bakteria anayeusababisha, akaitwa Borrelia burgdorferi. Bakteria huyo ni jamaa wa yule wa homa ya papasi ijulikanayo Afrika Mashariki, ingawa magonjwa hayo ni mawili tofauti.

Kwa kawaida umbo lake ni la msokoto, mfano wa parafujo. Akizidiwa, hata na dawa, huweza kujikunja akawa duara. Wengine hutulia bila kukua, na dawa moja pekee haiwamalizi kwa urahisi maabarani. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa tatu uliwaangamiza bakteria hao maabarani.

Habari kama hizo huwashawishi baadhi ya wagonjwa kutumia antibiotiki kwa miezi mingi. Hata hivyo, mwili wa binadamu si chupa ya maabara. Una kinga yake. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 280 waliosumbuliwa na maumivu na uchovu wa muda mrefu walipewa seftriaksoni kwa wiki mbili. Kisha baadhi yao wakaendelea na antibiotiki kwa wiki 12, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Hali zao hazikutofautiana. Isitoshe, matumizi ya muda mrefu huweza kuleta kuharisha kukali.

Kwa hiyo madaktari huchagua tiba kwa kuangalia mahali ugonjwa ulipofika, si umbo la bakteria. Ukiwa ngozini, hutumika doksisaiklini kwa siku 10, au amoksilini kwa siku 14. Ukiingia kwenye viungo, vidonge humezwa kwa siku 28. Ukigusa mishipa ya fahamu, hutolewa doksisaiklini, au seftriaksoni kwa sindano ya mshipani, kwa wiki mbili hadi tatu.

La muhimu zaidi ni kuwahi. Lakini kwenye ngozi nyeusi, doa linalotanuka baada ya kuumwa na kupe huenda lisionekane jekundu. Huweza kuwa la zambarau au la kahawia. Anayeliona doa la namna hiyo amweleze daktari mapema kwamba alipita penye nyasi au msituni.