Zamu ya Kuandika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lukozi)



Kamati iliponiandikia kuniomba niseme neno, nadhani ilitazamia nitoe habari za kazi serikalini. Naomba radhi. Leo nitasema habari za sinema, na za ukaidi wangu mwenyewe.

Wenzangu tuliomaliza mwaka 1996 watakumbuka vitabu vya Willy Gamba, vya marehemu Elvis Musiba. "Kufa na Kupona" kilitoka mwaka 1974, na "Kikosi cha Kisasi" mwaka 1979. Kwa hiyo vilipotufikia sisi bwenini vilikuwa vimekwisha kupoteza majalada, na kimoja hakikuwa na kurasa za mwisho. Mwenzangu wa dawati moja akasema, "Kama mwisho haupo, tutauandika sisi." Tukaandika, yeye sura moja na mimi sura moja. Tulipomaliza tukatunga kisa chetu wenyewe: Willy Gamba akapanda lori la viazi hapa Lukozi usiku wa ukungu, akajificha chini ya magunia, akawafuata majambazi mpaka Mombo. Daftari hilo lilizunguka bweni zima, likarudi limejaa masizi ya koroboi.

Mwenzangu huyo alikuwa mgonjwa, wala hakutuambia. Tulipomtania kwa kukimbia mpira alicheka tu. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Ilikuwa zamu yake kuandika. Nililifunga lile daftari, nisiandike hadithi tena kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2018 ilitoka filamu ya "Black Panther", iliyoongozwa na Ryan Coogler. Inasimulia habari za Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni iliyoficha utajiri wake, na mfalme wake T'Challa, mwenye nguvu zipitazo za binadamu. Shujaa huyo alibuniwa Marekani mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, lakini katika filamu niliwaona na watu wa kwetu: Lupita Nyong'o, Mkenya, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Nilitoka nikiwa kama mtoto. Nikanunua daftari. Usiku, mafaili ya ofisi yakiisha, nilimwendeleza T'Challa. Nilimpandisha mpaka Lushoto, nikamkutanisha na wazee wa Vugha, nikamtafutia koti la baridi. Madaftari manne yalijaa.

Tarehe 28 Agosti, 2020, Chadwick Boseman, aliyecheza nafasi ya T'Challa, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Alikuwa ameugua tangu 2016, na muda wote huo alicheza filamu bila watazamaji kujua. Ndugu zangu, mnaelewa kwa nini habari hiyo ilinigonga mahali pabaya. Lakini mimi nilifanya nini? Nilifungua daftari la tano, T'Challa akaendelea kuishi.

Mwezi Novemba 2022 ikaja sehemu ya pili, "Wakanda Forever". Nilikwenda kuitazama Dar es Salaam. Filamu haijafika mbali, mfalme amekwisha kufa. Dada yake Shuri yumo maabara akihangaika kutafuta dawa, mama yao anaingia kumwambia kwamba kaka yake ameondoka. Nilikasirika. Niliona wamenichezea. Wako watazamaji wengi duniani waliotaka achaguliwe mchezaji mwingine ili T'Challa aendelee, nami nilikuwa upande wao. Nilijiambia kwamba mfalme ni kiti, si mtu.

Nilikuja na hoja ya kwetu kabisa. Katika "Habari za Wakilindi", kitabu cha Abdallah bin Hemedi, imeelezwa jinsi Mbegha, mwindaji aliyekuja kutawala Usambara, alivyougua na kufa kwa siri. Wazee wachache tu ndio waliojua. Walimleta mwanawe Bughe kutoka Bumbuli hadi Vugha, ndipo watu wakaambiwa. Nikasema, mnaona? Wazee wetu hawakukiacha kiti kitupu hata siku moja!

Hoja hiyo niliibeba miezi kadhaa, mpaka siku moja nikaisoma upya. Wazee wale hawakumvalisha Bughe jina la Mbegha. Bughe alikaa kama Bughe. Walikificha kifo ili nchi isitawanyike, lakini siri hiyo ilikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa msiba. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Basi nikaitazama filamu mara ya pili. Bado nina malalamiko. Ni ndefu, inapita saa mbili na nusu, na imebeba mizigo mingi. Tena inauma kuona mataifa mawili yaliyojificha kuogopa wanyang'anyi, Wakanda na watu wa Namor wa chini ya bahari, yakiuana yenyewe huku wenye tamaa ya madini wakiwa salama. Wanafunzi, hilo lifikirini. Lipo pia nje ya sinema.

Lakini mara hii nilimwona Shuri. Mama yake anamtaka achome vazi la msiba, naye anakataa. Anavaa nguo ya vita, anashinda, anapata cheo cha kaka yake, na bado hajalia. Mwisho kabisa anakaa peke yake ufukoni Haiti, analichoma lile vazi. Ndipo nilipotambua kwamba madaftari yangu matano yalikuwa vazi nililokataa kulichoma. Nilidhani namwendeleza T'Challa. Kumbe nilikuwa nakimbia zamu ya mtu mwingine.

Usiku ule nilirudi nyumbani, nikaandika sura ya kufa kwa T'Challa, kurasa sita. Kisha nikalitafuta daftari la mwaka 1996. Nikaandika kwamba mwenzangu aliugua, akaficha, akafa, na kwamba sura hii ilikuwa yake. Yalikuwa maneno machache, lakini yalinichukua hadi alfajiri.

Kwenu wanafunzi nina ushauri mdogo. Endelezeni hadithi za wenzenu. Ni shule nzuri ya kuandika. Semeni wazi shujaa ni wa nani, wala msimuuze, maana tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Na mwenzako akikataa kwenda mpirani, muulize mara ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, daftari la Willy Gamba ninalo hapa, masizi na yote. Familia ya mwenzetu imeniruhusu kulikabidhi kwa maktaba ya shule. Willy Gamba bado yuko Mombo, na karatasi nyeupe zimebaki kumi na moja. Zamu sasa ni ya mwanafunzi yeyote atakayeitaka.