Kampuni si Baba: Uaminifu Kazini na Jina la Mama kwenye Karatasi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wa kamati zao, Karavia, Lubumbashi)



Mumefika hapa kwa njia nyingi. Wengine mulitoka Mitwaba na Pweto, wengine upande wa Kalemie, wengine mumekimbia Kivu. Kule mulikuwa na shamba. Hapa Lubumbashi munatafuta kazi: ya kulinda, ya kupika, ya kufua, ya bustani, ya kubeba matofali. Viongozi wenu waliniomba niseme juu ya kazi. Nitaanzia kwenye neno moja ambalo wengi wenu mumekwisha kulisikia kwa patroni: "Hapa sisi ni familia moja."

Ni neno tamu. Mtu aliyepoteza nyumba na ndugu, akiambiwa amepata familia, moyo unatulia. Lakini mji huu unalijua neno hilo tangu zamani, na wazee wa hapa walililipia bei kubwa.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilitafuta wanaume wa kufanya kazi kwa muda mfupi, kisha warudi kwao. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ikageuza mashauri: kontra ya miaka 3, na mwanaume akae kambini pamoja na mke na watoto. Ikatoa nyumba, posho ya unga, hospitali, shule. Watu wakasema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Serikali ilipoitwaa mwaka 1967, ikawa Gécamines baadaye, na desturi ile ikaendelea. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia wa hapa Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya familia hizo. Kichwa chake cha Kifaransa kinawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Sasa ninauliza: katika familia ile kubwa ya kampuni, mama alikuwa wapi? Alikuwa kwenye karatasi ya mume. Posho ilihesabiwa kwa jina la mume, nyumba ilikuwa ya mume kwa sababu ya kazi yake. Mama alifundishwa kushona, kupika na usafi, maana kampuni ilitaka mfanyakazi apate nguvu kesho yake. Mume akifukuzwa, nyumba nzima inatoka nje. Uaminifu wa mtu mmoja ulifungwa pamoja na tumbo la watu wanane. Ndiyo sababu wengi walinyamaza hata palipokuwa na ubaya.

Halafu baba akaanguka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikia tani 40,000 mwaka 1994. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka. Na nani alilisha nyumba? Wamama. Walilima pembeni ya mji, waliuza unga, makala, mboga, samaki. Baba aliendelea kuvaa nguo za kazi asubuhi, kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, na mtu mwaminifu haachi kazi.

Mwaka 2003, kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Feza zilitoka kwa jina la mfanyakazi. Mama aliyelisha nyumba miaka yote ile hakuwa na mahali pa kutia sahihi. Kuna wababa waliokaa na wake zao wakapanga vema, wakanunua kiwanja, wakalipa shule. Kuna wengine ambao feza zilizaa gari na bibi wa pili, na kabla ya mwaka kwisha vyote viwili vilikuwa vimekwenda. (Ninasikia wababa wanacheka. Wamama hawacheki.)

Familia ya kampuni ina ubaya mwingine, na huu unawagusa viongozi. Neno familia linaleta swali: nani ni mtoto wa nyumba na nani ni mgeni? Posho ilipokuwa inatosha, swali lililala. Ilipopungua, likaamka. Mwaka 1992 kule Likasi, na 1993 kule Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, pamoja na waliozaliwa hapahapa na waliotumikia Gécamines maisha yao yote. Walirundikana kwenye stesheni wakingojea treni, na watoto wakafia pale. Wanasiasa walikuwa na hesabu zao, lakini kijana aliyeshika rungu aliahidiwa kiti cha kazi cha jirani yake. Kwa hiyo kiongozi wa kamati anayepeleka kwa patroni majina ya kijiji chake tu, akisema "hawa ni wetu, watakuwa waaminifu", ajue anacheza na moto gani.

Je, ninasema musiwe waaminifu kazini? Hapana. Kuja kwa saa, kutoiba, kutunza siri za nyumba unayofanyia kazi, kumwambia mkubwa ukweli hata kama haupendezi, hayo ni heshima yako mwenyewe. Lakini uaminifu una pande mbili, na upande wa patroni unaonekana kwenye karatasi na kwenye siku ya malipo. Anayesema "sisi ni familia" lakini hataki kuandika kontra, huyo anataka mtoto wa kutuma, hatafuti mfanyakazi.

Na sheria ya Kongo inawasaidia kuliko munavyofikiri. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kontra iandikwe. Isipoandikwa, inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka pawe na ushuhuda wa kinyume. Kwa hiyo patroni asikutishe kwamba bila karatasi wewe si kitu. Wale wa kazi ya siku kwa siku, sikilizeni vizuri: ukifanya siku 22 katika miezi 2, na akakuchukua tena kabla ya miezi hiyo 2 kwisha, kontra hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Andika siku zako kwenye daftari, kila jioni. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amwandikie.

Kodi hiyohiyo inasema kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa vilipwe sawa, mwanamke kwa mwanaume. Inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba, na vilevile kwa sababu ya kabila. Mama anayezaa ana haki ya wiki 14 za mapumziko, akilipwa theluthi mbili za mshahara. Akirudi, ana nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Na mkubwa anayedai mwili wa msichana ili ampe kazi, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamwita mkosaji wa kupelekwa mahakamani. Wazazi, msimalize jambo hilo kwa mbuzi na soda.

Kuna wababa wanaoniambia, "Lakini mke wangu hawezi kufanya kazi bila ruhusa yangu." Zamani ilikuwa hivyo. Kodi ya kazi ya 1967 ilimpa mume nafasi ya kupinga. Ile ya 2002 iliiondoa. Kodi ya familia ya 1987 ilidai ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya mke. Marekebisho ya Julai 2016 yaliifuta. Ninyi wawili zungumzeni nyumbani, ndiyo, kwa heshima. Nani atabaki na watoto, nani atateka maji, mshahara utafanya nini. Lakini mshahara wa mama uingie mkononi mwa mama, au kwenye simu yake, si kwenye simu ya shemeji.

Sisi watu wa mashirika hatuko nje ya maneno haya. Tunapoomba watu wa kupima unga au kuchimba vyoo, orodha inarudi na majina ya wanaume 18 na wamama 2, na wale 2 ni wa kufagia. Viongozi, orodha ijayo tutaisoma pamoja nanyi mbele ya watu wote, jina kwa jina, kazi kwa kazi, na tutauliza kila mmoja atalipwa ngapi.

Siku ya Jumanne nitakaa hapa tangu saa mbili asubuhi. Mwenye kontra asiyoielewa ailete. Asiye na kontra alete daftari la siku zake. Kwa wale ambao hawajalipwa tutaandika barua kwa inspekta wa kazi palepale, na mama mwenye mtoto mgongoni ataanza.