Malipo ya Mlezi na Haki ya Mtoto



Mzazi maskini aendapo kazini humwachia mlezi hazina yake yote. Je, mlezi huyo alipwe kiasi kile kile, awe anatunza vema au ovyo?

Jimbo la Oklahoma, huko Marekani, lilijibu swali hilo mwaka 1998. Vituo vya kulelea watoto vilianza kupewa nyota: moja kwa kituo kilichotimiza masharti ya leseni tu, tatu kwa kile kilichofikia kiwango cha juu. Serikali, iliyokuwa ikichangia ada za watoto wa wazazi wenye kipato kidogo, ikakilipa zaidi kituo chenye nyota nyingi kwa kila mtoto wa namna hiyo. Hivyo kituo kizuri kikapata sababu ya kumpokea mtoto wa maskini.

Hata hivyo, tusishangilie upesi. Nyongeza hiyo hufuata nyota, haiitangulii. Walezi waliosomea kazi, watoto wachache kwa kila mlezi, vitabu na vifaa vya michezo, vyote hugharimu kabla hata senti moja ya ziada haijaingia. Mama anayelea watoto sita nyumbani kwake atautoa wapi mtaji huo? Asiposaidiwa kwanza, watakaofaidi ni wale waliokwisha kujiweza.

Tena nyongeza huingia katika mfuko wa kituo, si lazima imfikie mlezi. Hapo North Carolina waliona mbali. Mwaka 1990 ulianza huko mpango wa kuwalipia walezi masomo, na mwaka 1994 mwingine wa kumwongezea mlezi mwenyewe malipo, kwa kadiri ya elimu yake, mradi adumu kazini.