Mapumziko ya Mtu wa Kalamu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Mtwara)



Tumeamriwa na Halmashauri tuseme machache juu ya jambo ambalo halijapata kuletwa barazani hapa, nalo ni mapumziko. Yamkini wengine watacheka, maana mkutano uliopita tulijadili malimbikizo ya mishahara na kupandishwa vyeo, na leo twaja na habari za kupumzika. Na wacheke, ila watusikilize hata mwisho.

Sisi watu wa kalamu twaingia ofisini saa 1.30 asubuhi, twatoka saa 9.30 alasiri. Huku kwetu jua huchwa baada ya saa 12, na wakati wa kaskazi hukawia hata saa 12.30 na kupita. Basi kila karani anazo saa mbili na nusu au tatu za mwanga ambazo si mali ya Serikali. Tuliulizana katika Halmashauri, saa hizo huenda wapi? Kila mmoja akasema kweli yake, na majibu yakafanana hata tukaona haya. Twafika nyumbani, twavua viatu, twaketi. Mkono mmoja washika simu, na mkono wa pili umo katika bakuli la korosho. Jua likichwa hatuna habari. Baada ya chakula cha usiku twaendelea vile vile mbele ya televisheni, na bakuli hujazwa tena, wala hapana ajuaye ni nani aliyelijaza.

Ingekuwa ni uvivu tu tusingaliwasumbua. Lakini yupo mwenzetu mmoja, karani wa masjala, ambaye ametupa ruhusa ya kueleza habari zake bila jina. Kwa miaka mingi alikuwa wa kwanza kufika kazini, naye hakuna jalada alilolipoteza. Alipata kidonda kidogo kidoleni mwa mguu, akakidharau. Kidonda hakikupona. Alipokwenda kupimwa alikutwa na maradhi ya sukari, na vidole viwili vikakatwa. Mganga hakumwambia kuwa kosa ni la korosho wala la simu; alimwambia kwamba maradhi ya namna ile yaweza kuwa katika ukoo, na kwamba huongezwa na unene na kuketi siku nzima. Kisha akamwuliza, “Ukitoka kazini hufanya nini?” Mwenzetu asema swali lile lilimchoma kuliko sindano, maana alitafuta jibu na hakuliona. Jioni hii yupo pamoja nasi, ameketi safu ya mbele, na fimbo yake mnaiona.

Tusieleweke vibaya. Hatuitukani korosho, ni utajiri wa mkoa huu, na wengi wetu tulisomeshwa kwayo. Lakini gramu 100 za korosho zina nguvu ya kalori kama 550, nayo ni kama robo ya chakula cha siku nzima cha mtu afanyaye kazi ya kuketi. Alimaye shambani huzitumia. Sisi twaziweka akiba kiunoni. Karanga nazo si nyepesi zaidi. Na hapa twakumbuka kwamba bandari yetu ilijengwa kwa ajili ya karanga: mpango ule mkubwa wa Waingereza ulianzishwa mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951, na bandari ikafunguliwa mwaka 1954 wakati karanga zenyewe hazipo. Mtu akitutazama makarani jioni atadhani tumejitwika kazi ya kuumaliza mpango ule kwa vinywa vyetu.

Wala hatuitukani simu. Mshahara hupitia humo, na habari za wazazi walio Newala na Masasi. Twasema tu kwamba mtu aliyetazama kompyuta mchana kutwa, kisha akatazama kioo kidogo hata usiku wa manane, hakuyapumzisha macho wala akili. Amebadili ukubwa wa kioo. Na mwanga ule usiku huuchelewesha usingizi.

Wazee wetu wa kazi waliliona jambo hili. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika kule Tanga mwaka 1922, hawakufikiri habari za mishahara peke yake. Walitaka pia karani awe na mahali pa kukutana na wenziwe, kusoma magazeti na kucheza mpira. Walijua kwamba mtu aliyehamishwa mbali na kwao, akiachwa peke yake jioni, ataharibika kwa njia moja au nyingine. Siku zile pombe ndiyo iliyoogopwa zaidi. Leo twaharibika bila kelele, juu ya kochi.

Basi tufanye nini? Tutasema yale tuliyoyajaribu sisi wenyewe.

La kwanza ni bao. Usiku mmoja umeme ulikatika, simu zikaisha nguvu, nasi tukatoka nje kutafuta upepo. Mzee wa jirani alileta bao lake na kete za komwe, akatuuliza kama tunajua. Tulijibu kuwa tunajua, tukafungwa mara nne. Tangu siku hiyo tunacheza. Ambao hawajui tuwaeleze kwa ufupi: mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete zote ni 64, kila mtu 32. Katika bao la Kiswahili kila mmoja hupanga kete 10 tu, sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Zile 22 hubaki nje, naye huingiza moja moja kila zamu. Huko ndiko kunamua. Zikiisha ndipo mchezo huwa mtaji, na hapo ndipo hesabu huwa kali, maana kete husambazwa kutoka shimo hata shimo, na mchezaji mzuri huona mwisho wa safari kabla hajaokota. Asiyefikiri hukuta safu yake ya mbele tupu. Mwajua mnavyofungwa.

Faida yake kwetu ni hii: mikono yote ina kazi, na macho yamo mashimoni. Hatukumkataza mtu yeyote kula korosho, ila tuliona kwamba bakuli lililowekwa kando lilibaki vile lilivyo, kwa kuwa mwenye kupapasa bakuli hupoteza hesabu na watazamaji humzomea. Na mazungumzo huja yenyewe. Mambo mawili ya ofisi yaliyotushinda kwa barua yalikwisha barazani hapo.

Lakini bao lina upungufu ambao hatutauficha. Ni kuketi tena. Akili hupumzika, mgongo haupumziki. Kwa hiyo twasema mwendo kwanza, bao baadaye. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutoka ofisini hata ufuko wa Shangani, kisha nyumbani, wengi wetu twazipata bila kununua viatu vipya.

Ila mwenye kutembea pwani yampasa kuujua mwezi, na hapa wenzetu waliotoka bara hukosea. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndio wakati wa bamvua: maji hujaa sana mnamo saa 10 alasiri, hukupwa sana mnamo saa 4 asubuhi, na tofauti yake hupita mita 3. Kila siku yake huchelewa kama dakika 50. Basi juma la bamvua, mtumishi atokaye kazini atakuta maji yamejaa. Huo ni wakati wa kuogelea, si wa kutembea juu ya mwamba. Baada ya juma moja ni maji mafu. Jioni maji hukupwa kidogo tu, na mchanga ni mgumu, mzuri kwa mguu. Mtu akilijua hilo hahitaji kumwuliza mtu, atazame juu tu. Pale mdomoni mwa Ruvuma msiogelee kabisa, kwa ajili ya mamba na viboko. Na eneo la Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Matumbawe ya huko hutazamwa, hayachukuliwi.

Sasa twafika penye ugumu. Tulipoyasoma haya katika Halmashauri, mabibi wawili walisimama wakasema, “Mabwana, mmegawana saa tatu za mwanga kwa bao na pwani. Je, katika saa hizo nani atakuwa jikoni?” Hatukuwa na jibu. Wao hutoka ofisi zile zile saa ile ile. Mmoja alisema mapumziko yake ni kusuka ukili pamoja na jirani zake, lakini ukili wake una vumbi, kwa kuwa miezi mitatu hajaugusa. Tumeona kwamba neno hili ni la haki, na kwamba hotuba hii isingekuwa na maana kama ingeongeza starehe ya nusu ya wanachama kwa jasho la nusu ya pili. Kwa hiyo baadhi yetu tumeanza kushika jikoni siku mbili kwa juma. Wali wa siku ya kwanza uliungua. Wa juma lililofuata ulilika. Mwanachama mmoja amegundua kwamba kukuna nazi kwapumzisha akili kama bao, nasi hatubishani naye.

Ziko njia nyingine, kama bustani ya mchicha, kwaya, au kuwasomea watoto kitabu kwa sauti. Kila mtu na tabia yake.

Halmashauri yaomba idhini ya mkutano kwa mambo mawili. Kwanza, Mtunza Hazina anunue mbao mbili za bao kwa ajili ya chumba hiki, nazo ziwe kwa mabwana na mabibi sawasawa. Pili, Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu twende Mikindani pamoja na jamaa zetu, tufike kabla ya saa 4 asubuhi maji yakiwa yanakupwa. Chakula kitapikwa na mabwana. Mwenzetu wa masjala amesema atakuja, naye ataketi kivulini kwenye bao. Atakaye kumfunga ajiandikishe kwa Katibu.